Walimtaka mtu mmoja, wakaomba ufunguo wa wote

Kila nikisikia kiongozi wa nchi fulani analalamika kwamba imeili zilizosimbwa, yaani zilizofungwa kwa hesabu zisisomeke bila ufunguo, zinawafunga mikono polisi, naikumbukaga kesi ya Lavabit. Hii ilikuwa kampuni ndogo tu ya imeili kule Texas, mwenyewe anaitwa Ladar Levison, kaianzisha 2004 na hadi kufika 2013 ilikuwa na wateja zaidi ya laki nne. Juni mwaka huo FBI wakamfuata na amri ya mahakama, wanataka taarifa za mteja mmoja. Mmoja tu. Jina lake likafichwa kwenye karatasi zote za kesi, ila 2016 nyaraka zilipotolewa hadharani kuna sehemu walisahau kuifuta anwani ikabaki pale inasomeka, na alikuwa Edward Snowden, yule aliyevujisha siri za ujasusi wa Marekani, kama ambavyo kila mtu alikuwa anahisi tangu mwanzo.

Sasa hapa twende taratibu kwa sababu ndo penye kiini cha kila kitu ninachotaka kusema. Levison hakukataa kabisa kushirikiana, alifika mahali akawaambia basi niandike programu mwenyewe, nitawatolea taarifa za huyo mtu mmoja mnayemtaka, mnilipe kama dola 3,500 kwa kazi hiyo. Wakakataa. Walichotaka ni ufunguo wa siri wa seva yenyewe, ile kompyuta kuu inayopitisha imeili zote, ule unaofunga mawasiliano ya kila anayeingia pale, ili waweke mtambo wao kwenye laini na wachambue wenyewe. Yaani ili kumpata mmoja uwape uwezo wa kuwasoma laki nne, alafu uwaamini tu kwamba hawataangalia wengine. Hakimu akakubaliana na serikali. Levison akauchapisha ule ufunguo kwenye karatasi, kurasa 11, maandishi ya saizi ya 4, madogo kiasi kwamba serikali ikarudi mahakamani kulalamika haisomeki na kwamba ingebidi mtu akae aandike upya herufi 2,560 kwa mkono bila kukosea hata moja. Mahakama ikampiga faini ya dola 5,000 kwa siku mpaka alete kwa njia ya kielektroniki. Siku ya pili ya faini akaleta, na kesho yake, Agosti 8, akaizima kampuni yote. Kazi ya karibu miaka kumi. Na wateja wake hakuweza kuwaambia kwa nini maana sheria ilimzuia kusema.

Wengi wanaisimulia hii kama habari ya Snowden, sawa, lakini mimi kichwani mwangu wanabakia wale laki nne. Watu waliokuwa wanatumiana risiti, barua za mapenzi, majibu ya hospitali, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anatuhumiwa kwa lolote, na bado ufunguo wao ulikaa mezani kwa sababu ya jirani yao wa kwenye seva.

Ili uelewe kwa nini imeili ni dhaifu hivi inabidi ujue inavyosafiri. Fungua imeili yoyote kwenye kikasha chako, tafuta pale kwenye menyu panaposema onyesha ujumbe asilia, utaona maandishi mengi ya ajabu juu ya ujumbe wenyewe na kati yake kuna mistari inayoanza na neno Received. Isome kuanzia chini kwenda juu. Kila mstari ni seva moja iliyoishika imeili yako, na pameandikwa jina lake, imeipokea kutoka kwa nani, saa ngapi dakika ngapi sekunde ngapi. Mi mara ya kwanza kuangalia nilikaa kimya kidogo, maana nilikuwa nadhani imeili inatoka kwangu inafika kwako basi, kumbe ina wapokeaji wa katikati ambao hatuwajui. Utaratibu wenyewe, SMTP, uliandikwa 1982 wakati mtandao ulikuwa wa vyuo na watafiti waliokuwa wanaaminiana, kwa hiyo suala la kufunga halikuwemo kabisa, lilikuja kubandikwa baadaye.

Siku hizi imeili nyingi zinafungwa zikiwa njiani kati ya seva na seva, hiyo ndo TLS, na ni jambo zuri kwa sababu mtu aliyekaa kwenye waya katikati haambulii kitu. Ila ikifika kwenye seva inafunguliwa. Yenye seva ni kampuni, kwa hiyo kampuni inaweza kusoma, mfanyakazi wake mwenye tamaa anaweza kusoma, mdukuzi aliyeingia kwao anaweza kusoma, na serikali ikija na karatasi inapewa. Mtu akikwambia imeili yangu ni salama maana nimeona alama ya kufuli kwenye brauza, hiyo kufuli inazungumzia njia tu, haizungumzii mwisho wa safari.

Kinachofunga kutoka mkononi kwako mpaka mkononi kwa unayemwandikia ni usimbaji wa mwisho hadi mwisho, na kwenye imeili programu yenye jina kubwa ni PGP. Unakuwa na funguo mbili zilizozaliwa pamoja kihesabu. Wa kwanza unaugawa kwa kila mtu, hata ukiubandika hadharani hakuna shida, anayetaka kukuandikia anasimba ujumbe kwa huo. Wa pili unabaki nao mwenyewe na ndo pekee unaoweza kufungua. Hata yule aliyesimba akishamaliza hawezi kuufungua kwa ule wa kwanza. Wazo hili Whitfield Diffie na Martin Hellman walilitangaza 1976, mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakaleta hesabu ya kulifanya lifanye kazi, ile RSA. Na kuna jambo linanivutia sana hapa, majasusi wa Uingereza wa GCHQ walikuwa wameshaligundua miaka kadhaa kabla yao, James Ellis na Clifford Cocks na Malcolm Williamson, wakakaa nalo kimya na dunia ikaja kujua 1997. Hesabu ni ileile. Ukiificha huku, mwingine atakuja kuipata kule, haina pasipoti.

Marekani walijaribu kuizuia kana kwamba ina pasipoti. Mwaka 1991 kulikuwa na muswada wa Seneti, namba 266, wenye kipengele kinachotaka wenye mitandao wahakikishe serikali inaweza kupata maandishi ya watu yakiwa wazi. Phil Zimmermann, aliyeitengeneza PGP, alipoona hivyo akaharakisha kuitoa PGP bure mwaka huohuo, watu wakaisambaza, ikavuka mipaka. Kisheria wakati ule programu kali ya usimbaji ilikuwa kwenye orodha moja na silaha za kivita, kwa hiyo 1993 serikali ikaanza kumchunguza kwa kosa la jinai la kusafirisha silaha nje bila kibali, uchunguzi ukakaa juu ya kichwa chake karibu miaka mitatu mpaka wakaufunga Januari 1996 bila kumshtaki. Katikati ya hayo MIT Press wakachapisha msimbo wote wa programu, yaani maandishi yanayoiunda, kama kitabu, 1995, kitabu cha karatasi kabisa, kwa sababu kitabu kinalindwa kama uhuru wa kusema na kinaweza kuuzwa nje ya nchi, ukifika kule unaziskani kurasa unairudisha kuwa programu. Kwa hiyo maneno yaleyale kwenye diski ni silaha, kwenye karatasi ni kitabu. Sheria ikifika hapo ujue imeshapotea njia.

Baada ya kushindwa kuzuia wakaja na wazo la pili na ndo hilo tunaloishi nalo mpaka leo chini ya majina tofauti, kwamba sawa fungeni lakini tubakizieni mlango wa nyuma. Ile ya kwanza iliitwa Clipper, ilitangazwa 1993, chipu ya kusimba mazungumzo ya simu ambayo ufunguo wake unagawanywa vipande viwili na kila kipande kinakaa kwenye ofisi moja ya serikali, polisi wakija na amri vinaunganishwa. Kwenye karatasi inapendeza. Mwaka uliofuata Matt Blaze, mtafiti wa AT&T Bell Labs, akaangalia ile sehemu ya ujumbe inayowapa serikali njia ya kuingia, akakuta inalindwa na alama ya uhakiki ya biti 16 tu, maana yake ni majaribio 65,536 ya kubahatisha, kompyuta inayamaliza, na ukishapata inayokubali unatumia usimbaji wa chipu huku mlango wa serikali ukiwa umeuzibia. Waliotengeneza walikuwa NSA, shirika la Marekani la ujasusi wa mawasiliano, watu wenye akili na bajeti. Na bado.

Nataka nikae zaidi kwenye swali la nani anapitia huo mlango ukishakuwepo, kwa sababu hapa ndo naona mjadala wa faragha dhidi ya usalama wa taifa unavyopotoshwa, kana kwamba upande mmoja wapo raia wanaotaka siri zao na upande wa pili lipo taifa linalotaka kuwa salama.

Angalia Ugiriki. Kuanzia karibu na Olimpiki ya Athens ya 2004 mpaka Machi 2005 kuna watu waliokuwa wanasikiliza simu zaidi ya 100 kwenye mtandao wa Vodafone kule, na sio simu za wahuni, ni simu ya waziri mkuu Kostas Karamanlis, mawaziri wa ulinzi na mambo ya nje, meya wa Athens. Walifanyaje? Mitambo ya kuunganisha simu ilikuja na programu ya kunasa mawasiliano kisheria, ile inayowekwa kwa ajili ya polisi wenye amri. Vodafone wenyewe walikuwa hawajanunua hata ile sehemu ya kuiendesha, ila uwezo ulikuwemo ndani umelala. Wavamizi wakapandikiza programu yao, wakauamsha, na kila simu inayolengwa ikawa inanakiliwa kwenda kwenye namba zao. Iligundulika kwa sababu tu walipojaribu kuboresha programu yao Januari 2005 meseji za wateja zikaanza kukwama na mafundi wakaanza kuchimba. Kilichowekwa kwa ajili ya usalama wa taifa ndo kilichotumika kuisikiliza serikali ya taifa.

Unaweza kusema hayo ya zamani, teknolojia imekua. Haya, njoo 2024. Sheria ya Marekani ya 1994, CALEA, inazitaka kampuni za simu ziwe na uwezo wa kunasa mawasiliano pale mahakama inapoamuru. Vuli ya 2024 ikajulikana kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China, kundi lililopewa jina Salt Typhoon, wameingia kwenye kampuni kubwa za simu za Marekani, na Novemba mwaka huo FBI na shirika la usalama wa mtandao, CISA, wakasema wazi kwamba miongoni mwa vilivyonakiliwa ni taarifa zilizokuwa zinahusu maombi ya vyombo vya sheria kwa amri za mahakama. Fikiria jasusi wa nje anajua nani unamchunguza. Desemba serikali hiyohiyo, ambayo FBI yake imelalamika miaka nenda rudi kwamba usimbaji unawapofusha, ikaanza kuwashauri watu, hasa viongozi, watumie programu zenye usimbaji wa mwisho hadi mwisho. Mimi siwacheki kwa hilo, nawapongeza, walichelewa lakini walisema ukweli. Ila huwezi tena baada ya pale kuniambia kwamba usimbaji uko upande wa pili wa usalama wa taifa.

Sasa na mimi nisijifanye upande wa polisi hauna hoja, maana wenzangu wengi tunaopenda faragha hapa huwa tunapita haraka sana. Wapo watu wanaobadilishana picha za watoto wanaodhalilishwa na wanajificha nyuma ya hesabu hizihizi. Wapo wanaopanga kuua. San Bernardino, Desemba 2015, watu 14 waliuawa kwenye hafla ya kazini, na simu ya mmoja wa wauaji ilikuwa imefungwa, ungekuwa ndugu wa marehemu ungetaka kujua kila kilichomo na usingekuwa na subira ya kusikiliza habari za funguo. Hilo nalielewa na sitaki kulidharau hata kidogo. Mahakama Februari 2016 ikaiamuru Apple iandike programu maalumu ya kudhoofisha ulinzi wa ile simu, Apple ikagoma ikisema programu hiyo ikishakuwepo haitaishia kwenye simu moja, na kabla kesi haijafika mbali FBI wakasema wamepata mtu wa nje aliyewafungulia, Machi mwaka huohuo wakaifuta.

Kesi hiyo naipenda kwa jinsi ilivyoisha zaidi ya ilivyobishaniwa. Waliingia kwenye simu moja, ya mtu mmoja, kwa gharama na kwa jasho, na simu za watu wengine wote zikabaki zilivyokuwa. Mi sina tatizo na hilo. Hakimu amesoma ushahidi, ametaja jina, ametaja kifaa, polisi wakakae na hicho kifaa hata mwaka. Wakamate laptop ikiwa imefunguliwa, wamuweke mtu wao ndani ya kundi, wamshawishi mmoja aongee. Hizo njia ni polepole na ni ghali, na mimi naona ule ughali wenyewe ni ulinzi kwetu, kwa sababu hakuna serikali inayoweza kufanya hivyo kwa watu laki nne kwa mpigo, italazimika kuchagua nani kweli inamhitaji.

Na tusisahau bado wana mengi mikononi hata ujumbe ukiwa umefungwa. PGP ukiisimba imeili, ndani inakuwa mstari wa BEGIN PGP MESSAGE alafu herufi na namba zisizo na kichwa wala miguu, ila juu yake imeandikwa kutoka kwa nani, kwenda kwa nani, saa ngapi, na kwa utaratibu wa kawaida hata mada inabaki wazi kabisa. Kwa hiyo unaweza ukafunga barua kwa hesabu ambazo hakuna kompyuta ya leo inazivunja, alafu juu umeandika mada majibu ya vipimo vya HIV. Michael Hayden, aliyewahi kuongoza NSA na CIA, alisema hadharani 2014 kwamba wao huua watu kwa kutegemea metadata, ndo hizo taarifa za nani kawasiliana na nani na saa ngapi. Na 2021 Proton, kampuni ya imeili ya Uswisi yenye sifa kubwa ya usimbaji, ililazimishwa kisheria kurekodi anwani ya IP, ile namba inayoonyesha umeingia mtandaoni kutokea wapi, ya mwanaharakati wa mazingira wa Ufaransa, taarifa zikafika kwa polisi wa kwao. Maandishi yake hawakuyatoa kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kuyafungua, lakini mtu walimpata. Hii habari ya kwamba vyombo vya usalama vimeingia gizani inasemwa kwa nguvu sana kuliko ilivyo.

Kinachonitia wasiwasi sasa hivi ni jinsi maombi yanavyofanywa kwa siri. Uingereza, kwa kutumia sheria yao ya 2016 ya mamlaka ya uchunguzi, waliipa Apple amri mapema 2025 inayohusu data zilizosimbwa mwisho hadi mwisho kwenye hifadhi yake ya mtandaoni, na sheria yenyewe inamkataza aliyepewa amri hata kukiri kwamba anayo. Ilivuja kwenye magazeti. Februari 21 Apple wakaondoa huduma hiyo ya ulinzi wa juu kwa Uingereza nzima, wateja wapya wakazuiwa kuiwasha siku hiyohiyo na waliokuwa nayo wakaambiwa itabidi waizime wenyewe. Hakuna jina la mtuhumiwa hapo. Kwa hiyo siku muswada wa usalama wa mtandao ukiletwa kwenye bunge la nchi yako, usihangaike na dibaji yake, nenda kwenye kile kipengele cha msaada wa kiufundi au uwezo wa kiufundi uangalie mambo mawili, amri inamtaja mtu au inataja mfumo, na aliyepewa anaruhusiwa kusema au hapana.

Kuhusu kutumia PGP yenyewe, nawaambiaga rafiki zangu ukweli, ni ngumu. Snowden alipojaribu kumfikia mwandishi Glenn Greenwald mwishoni mwa 2012 alimwomba aiweke, hata maelekezo akamtengenezea, na Greenwald hakuiweka kwa miezi, na huyo ni mtu aliyekuwa na kila sababu. 2018 watafiti wakaonyesha udhaifu wa EFAIL, programu kadhaa za imeili zilikuwa zinaweza kudanganywa zivujishe ujumbe ulioshafunguliwa kwa sababu ya jinsi zinavyosoma imeili zilizoandikwa kwa HTML, lugha ileile ya kurasa za wavuti. Kwa hiyo ukiitumia, zima kupakia picha na vitu vya nje kwenye imeili, sasisha programu, mada iandike neno lisilo na maana yoyote, na ufunguo wa mwenzako uuhakiki kwa kusomeana ile alama yake fupi ya utambulisho kwa sauti kwenye simu, usiuchukue tu ulipoukuta. Na kama hamna uvumilivu huo wote wawili, basi mazungumzo nyeti yapelekeni kwenye programu ya meseji inayosimba yenyewe bila kukuuliza, alafu imeili ibaki ya mambo ambayo hata yakisomwa na wale wa katikati hayatamdhuru mtu.